Kariakoo ni Jina la Nani?

Yako majina machache katika nchi yetu yatamkwayo kila siku kama jina la Kariakoo, na machache zaidi yatumiwayo kwa maana nyingi kama hilo. Mama wa Mbagala akisema, "Leo nakwenda Kariakoo," jirani zake wote waelewa kwamba anakwenda kununua, hata kama hataingia sokoni kwenyewe. Karani wa Halmashauri aandikapo neno hilohilo, maana yake ni kata moja yenye mipaka yake katika Wilaya ya Ilala. Mchuuzi wa Mbeya au Songea asemapo kwamba nguo zake zimetoka Kariakoo, hataji mtaa wala kata. Ataka mnunuzi aelewe kuwa amezifuata kwenye bei ya jumla. Mtangazaji wa mpira akisema "dabi ya Kariakoo" huwa anazitaja Simba na Yanga, ambazo zimekulia pande hizo, ijapokuwa mchezo wenyewe huchezwa mara nyingi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, ulioko Temeke. Na mwezi wa Mei 2023, wafanyabiashara walipofunga maduka yao kwa sababu ya malalamiko ya kodi, watu nchi nzima walisema, "Kariakoo imegoma." Hapo jina halikuwa tena la mahali, lilikuwa la watu.

Wala jina hili si mali ya Dar es Salaam peke yake. Nairobi kuna mtaa na soko liitwalo Kariokor, mashuhuri kwa vyondo, viatu vya ngozi na nyama ya kuchoma. Unguja kuna Kariakoo, ambako watoto hupelekwa kufurahi siku za sikukuu. Mgeni anayepita katika miji hii mitatu aweza kudhani kwamba mji mmoja umeiga mwingine, kama vile watu wanavyoziita klabu zao kwa majina ya klabu za nje. Lakini sivyo. Dar es Salaam haikuiga Nairobi, wala Nairobi haikuiga Dar es Salaam. Miji hiyo miwili ililipata jina katika msiba mmoja, tena kwa kinywa cha watu wa namna moja.

Sisi twaona kwamba kati ya maana zote hizi, maana iliyosahauliwa ni ile ya kwanza, nayo ndiyo iliyozizaa nyingine. Kabla ya kuwa soko, kata, bei au mchezo, Kariakoo lilikuwa jina la watu waliobeba mizigo. Kwa hiyo swali letu la leo ni fupi: jina hili ni la nani?

Mwenye kukijua Kiswahili akilitazama jina lenyewe anaweza kutafuta humo koo la mtu, au koo za watu wa nasaba mbalimbali. Hataviona. Vita vilipoanza mwaka 1914 kati ya Waingereza na Wajerumani, Waingereza wa Nairobi waliunda kikosi cha wapagazi, wakakiita kwa lugha yao Carrier Corps. Katika neno la pili Mwingereza huandika herufi mbili za mwisho asizozitamka. Asikiapo mtu, husikia "koo" tu. Watu wetu wakalichukua neno kama masikio yao yalivyolipokea, wakalipa irabu mwishoni kama ilivyo desturi ya lugha yetu, likawa Kariakoo. Hivyo ndivyo walivyolifanya pia jina la jeshi la Mfalme, ambalo herufi zake tatu za mwanzo kwa Kiingereza, KAR, ziligeuka kuwa Keya. Basi askari akawa mtu wa Keya, na mpagazi akawa mtu wa Kariakoo. Huko Kenya wazee walilitumia neno hilo kwa kazi yenyewe. Mtu akichukuliwa kwenda kubeba mizigo ya vita, walisema amepelekwa Kariakoo, hata kabla hajajua atakwenda upande gani.

Liko jambo moja lifaalo kuangaliwa sana. Mapema mwaka 1916 wakubwa wa jeshi waliliacha jina lile, wakaiita idara yao kwa jina jingine lenye maana ya Idara ya Kazi za Kijeshi. Mji wa Dar es Salaam ulitekwa tarehe 4 Septemba 1916. Maana yake ni kwamba majeshi ya Waingereza yalipoingia Dar es Salaam na kuweka kambi ya wapagazi upande wa magharibi wa mji, jina la Carrier Corps lilikuwa limekwisha ondolewa katika barua za serikali. Lilibaki vinywani mwa wapagazi wenyewe na mwa wenyeji waliowaona wakilala pale. Serikali ilibadilisha jina, watu hawakubadilisha. Hivyo Kariakoo halikuandikwa na mkubwa yeyote juu ya ramani kwa heshima ya mkubwa mwenziwe. Ni jina lililobandikwa na watu wa chini.

Kwa nini vita vile vilihitaji wapagazi wengi namna ile? Kwa sababu nchi yenyewe ilikataa kila chombo kingine. Barabara za magari zilikuwa chache, na masika yakifika hata hizo chache ziligeuka tope. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa wa mbung'o. Reli ya Kati ilikuwa imekwisha fika Kigoma mwaka 1914, lakini Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja yake. Likabaki bega la mtu na kichwa chake.

Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu hii ndiyo inayofumbua siri ya vifo vile. Chukua mpagazi mwenye mzigo wa ratili 50 za unga, naye apewa posho ya ratili 2 kwa siku. Jeshi analolipelekea chakula liko mbele mwendo wa siku 10. Kwenda atakula ratili 20, na kurudi atakula ratili 20 nyingine. Katika ule mzigo wote, kitakachomfikia askari ni ratili 10, chakula cha mtu mmoja kwa siku tano. Mwendo ukizidi siku 12 na nusu, mpagazi hafikishi kitu. Mzigo wote umekwisha liwa na mbebaji wake. Basi mkubwa wa jeshi alikuwa na njia mbili tu. Njia moja ni kuwaongeza wapagazi, na kila aliyeongezwa alikuwa kinywa kingine cha kulishwa. Njia nyingine ni kuipunguza posho. Njia zote mbili zilitumika, na zote mbili ziliua.

Ndiyo maana idadi yao yastaajabisha. Wanahistoria wanakadiria kwamba upande wa Waingereza na washirika wao peke yake ulichukua wanaume wapatao milioni moja, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasa, Rhodesia ya Kaskazini, Kongo, Unguja na kwingineko. Waliokufa wanakadiriwa kufikia karibu 100,000, na wako wasemao walizidi hapo. Risasi iliwaua wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu na malaria. Mtu aliyezoea ndizi au wali alipewa unga wa mahindi uliosagwa kwa ukali, asiwe na kuni kavu za kuuivisha wala muda wa kukaa mekoni. Tumbo lake likaharibika, naye akatakiwa kuinuka alfajiri na kubeba. Wa nchi ya baridi alishushwa kwenye joto la mabonde, na wa joto alipandishwa kwenye mvua ya milimani, pengine bila blanketi ya kutosha.

Walipatikanaje? Wako waliokwenda kwa hiari hapo mwanzo, wakidhani ni safari ya miezi michache yenye ujira. Habari za vifo zilipofika vijijini hiari ilikwisha, na sheria ikachukua nafasi yake. Mwaka 1915 serikali ya Kenya ilipitisha sheria ya kuwachukua watu kwa nguvu, na ujira ukashushwa hadi rupia 5 kwa mwezi, kisha rupia 6 baada ya miezi mitatu. Mwaka 1917, vita vilipokuwa kusini mwa nchi yetu, alipewa kazi hiyo John Ainsworth, na wanaume wakakusanywa wilaya hadi wilaya kama mavuno. Machifu na wazee wa vijiji walitakiwa kutoa idadi iliyoagizwa, asiyeitimiza aliadhibiwa. Vijana walilala maporini wasikamatwe.

Tusidhani kwamba upande wa Wajerumani ulikuwa na huruma zaidi. Nao waliwachukua Wanyamwezi, Wasukuma na watu wa kila mahali walipopita, tena hawakuacha hesabu iwezayo kutegemewa ya waliokufa. Ugogo ilipitiwa na majeshi ya pande zote mbili, moja baada ya jingine. Yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume, na baada yake ikaja njaa kubwa ambayo Wagogo wanaikumbuka hata leo kwa jina la Mtunya. Aliyebaki nyumbani alikufa kwa kukosa kile ambacho mwenzake alikuwa anakibeba.

Sasa tuirudie ile kambi ya Dar es Salaam. Wajerumani walikuwa wamejenga pale jengo kubwa lenye paa na nguzo, nalo likawatumikia wapagazi wa Waingereza. Vita vilipokwisha, mwanzoni mwa miaka ya 1920, jengo likafanywa soko, na Waingereza wakaugawa mji sehemu tatu: ya Wazungu kando ya bahari, ya Wahindi katikati ya maduka, na ya Waafrika nyuma ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Sehemu hiyo ya tatu ndiyo iliyotawaliwa na jina la Kariakoo.

Atakaye kuona jinsi vita vile vilivyoandikwa ardhini na atembee katika mitaa ya pale, asome vibao. Uko Mtaa wa Narung'ombe. Narung'ombe ni mahali karibu na Kilwa palipopiganwa vita vikali mwezi Julai 1917. Uko Mtaa wa Tandamti. Tandamti ni kilima cha upande wa Lindi kilichopiganiwa mwezi Agosti mwaka huohuo. Uko Mtaa wa Mahiwa. Huko Mahiwa, mwezi Oktoba 1917, majeshi yalichinjana kwa siku nne, pengine kuliko mahali popote katika vita vile vya Afrika Mashariki. Leo mtu hukodi chumba cha kuwekea bidhaa Mtaa wa Mahiwa, hununua vitenge Narung'ombe, na kijana wa mkokoteni hupiga kelele apishwe Tandamti. Majina matatu ya mahali ambapo mizigo ilipelekwa yanaizunguka kambi ambako wabebaji wake walilala. Sijui ni mtaa gani mwingine nchini ulio na kumbukumbu namna hiyo, na wapitao wengi hawaisomi.

Nairobi nako kambi ya wapagazi iliacha jina, na katika miaka ya 1920 serikali ya mji ikajenga nyumba za wafanyakazi wa Kiafrika papo hapo. Lakini Nairobi iliachiwa na vita kitu kingine zaidi ya jina. Katika kikosi cha wapagazi kila mtu alipewa namba na kuvishwa kibati, na wakubwa wakajifunza jinsi ya kumfuata Mwafrika kwa namba yake popote aendapo. Vita vilipokwisha, walianza kuitekeleza sheria ya kipande: kila mwanaume Mwafrika mwenye kazi au atafutaye kazi alitakiwa kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Mpagazi aliyerudi hai alitua mzigo wa vita, akavishwa kipande. Mwaka 1921 Harry Thuku aliposimama kuwatetea wafanyakazi wa Nairobi, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yake, na wengi waliomsikiliza walikuwa wanaijua ile namba ya kwanza.

Hapa kwetu, pembezoni mwa Kariakoo ileile, katika Barabara Mpya, watu walijenga ukumbi wa African Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1929. Miongoni mwa waasisi wake alikuwamo Kleist Sykes, ambaye katika vita vile alikuwa askari wa upande wa Wajerumani. Ukumbini humo, tarehe 7 Julai 1954, ndimo ilimozaliwa TANU. Hatusemi kwamba jina ndilo lililozaa chama. Twasema tu kwamba watu waliokuwa wametengwa pamoja nyuma ya Mnazi Mmoja, wengi wao wakiwa wabebaji, makuli wa bandarini, watumishi wa majumbani na wachuuzi, walipatumia mahali walipotengwa kuwa mahali pa kukutania. Kambi ya kuwakusanyia watu ili wabebeshwe ikawa mtaa wa watu waliojikusanya wenyewe ili watue.

Tangu hapo jina limeendelea kubeba mambo mapya. Soko la zamani lilibomolewa, na mahali pake pakajengwa lile jengo la mbunifu wetu Beda Amuli, lenye paa la miavuli ya zege, lililofunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1975. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko hilo liliungua, na wachuuzi wengi wakapoteza mali zao zote. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20. Kwa siku kadhaa waokoaji walichimba, na kwa siku hizo zote nchi nzima ilikaa kando ya redio ikihesabu: nani ametoka hai, nani bado yumo. Hivyo ndivyo ipasavyo. Mtu akifia kazini ahesabiwe, atajwe, azikwe na watu wake.

Wapagazi wa Kariakoo ya kwanza hawakupata hayo. Maelfu yao walikufa huku mishahara yao ikiwa mikononi mwa serikali. Fedha zile hazikuwafikia warithi, maana majina yaliandikwa vibaya, au ndugu hawakutafutwa, au hawakujua pa kuuliza. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa kikosi kile, alidai kwamba fedha hizo zisipowafikia wenyewe zitumike basi kwa faida ya watu wao. Serikali ya Uingereza ilikataa. Mkubwa mwenyewe wa wapagazi aliomba, na hazina haikufunguliwa.

Hata katika kumbukumbu walipewa nafasi ya nyuma. Katikati ya Dar es Salaam liko lile Sanamu la Askari, lililosimamishwa mwaka 1927. Aliye juu ya jiwe ni askari na bunduki yake. Mpagazi yumo katika maandishi ya chini, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, ambamo anasifiwa kuwa miguu na mikono ya jeshi. Nairobi walifanya vema kidogo, maana katika sanamu zao tatu yumo mpagazi amesimama pamoja na askari. Na mwaka 1964, serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilipokubali kuwalipa wazee wetu waliowatumikia Wajerumani katika vita vile, malipo hayo yalikuwa ya askari. Sifa ya kuwa miguu na mikono ni sifa njema, lakini miguu na mikono haina jina. Jina huwa la mtu mzima.

Mwezi Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ya uchunguzi wake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi. Tuyatazame vizuri makadirio hayo. Tofauti kati ya namba ya chini na ya juu ni watu 234,000. Mzungu aliyefia vitani ana jiwe lake, jina lake, cheo chake na tarehe yake. Kwa watu wetu, hata hesabu ya maiti yaweza kukosewa kwa laki mbili na zaidi. Radhi iliyokuja baada ya miaka 100 ni afadhali kuliko kimya, lakini haimrudishii mjane rupia zake.

Wako watakaotuuliza: ikiwa ndivyo, kwa nini jina lenyewe lisibadilishwe? Si limetoka kwenye maneno ya Kiingereza, tena maneno ya uonevu? Barabara Mpya haikuachwa hivyo. Ilipewa jina la Lumumba, shujaa wa Kongo aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961. Twaliona swali hili kuwa la haki, na mtu alitoaye hana haya ya kuona.

Sisi tungejibu hivi. Jina la barabara lililoandikwa na mtawala kwa kujisifu, au kwa kukosa la kuandika, lafaa kubadilishwa na watu wakiisha kujitawala. Lakini Kariakoo halikuandikwa na mtawala. Yeye alikuwa ameliacha. Kiingereza kilichokuwamo kimekwisha sagwa kwa meno ya watu wetu, hata Mwingereza mwenyewe akilisikia leo hatambui kwamba lilikuwa lake. Na zaidi ya hayo, hilo ndilo kaburi lao. Maelfu wale hawana jiwe Dodoma, Kilwa, Lindi wala Ruvuma; walizikwa kando ya njia, au hawakuzikwa. Walichotuachia ni neno moja, na tukilifuta kwa nia njema tutakuwa tumeikamilisha kazi ya wale waliokataa kuwaandika. Jina lisibadilishwe. Lielezwe.

Kulieleza si kazi kubwa. Soko la Kariakoo limejengwa upya baada ya moto. Lafaa lioneshe mahali paonekanapo, kwa Kiswahili safi, maneno machache yamwambiayo kila anunuaye na kila auzaye kwamba hapa walilala wapagazi, na jina la hapa ni lao. Vibao vya Narung'ombe, Tandamti na Mahiwa vyaweza kuongezewa mstari mmoja kila kimoja. Walimu wa shule za Ilala hawahitaji basi wala fedha za safari ili kuwafundisha watoto vita vya 1914. Watoto na watembee mitaa mitatu. Na katika kila ukoo ulio na kisa cha babu au babu mzaa babu aliyechukuliwa Kariakoo asirudi, kijana mmoja ajuaye kuandika na aketi na wazee, aandike jina la huyo mtu, kijiji chake na mwaka aliochukuliwa. Tume yoyote ya kigeni ikija kutafuta majina, itayakuta kwetu au haitayakuta popote.

Liko na jambo la mwisho, nalo lawahusu wasomaji wetu walio wafanyakazi kuliko watu wote. Katika Kariakoo ya leo mizigo bado inabebwa na watu. Kijana hamali anainama, mwenzake anampandisha robota mgongoni, naye anakata njia katikati ya umati, kutoka gari hadi stoo, kutoka stoo hadi basi la kwenda mkoani. Mwingine anasukuma mkokoteni juani tangu alfajiri. Bidhaa ziendazo Lubumbashi, Lusaka, Bujumbura na Moroni zimepita kwanza juu ya mabega hayo. Wengi wao hulipwa kwa safari, pasipo mkataba, pasipo bima, na akivunjika mguu hapana daftari liandikalo kwamba alikuwa kazini. Tunasikitika kwa rupia 5 za mwaka 1915. Basi tuulize pia hesabu ya jioni ya huyu wa leo. Chama cha wafanyakazi kinachopita Kariakoo kutafuta wanachama wa madukani kisiwaruke walio nje ya mlango.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa zaidi ya miaka 100 mzigo wa wapagazi wale umekuwa mwepesi machoni mwa watu, kwa kuwa haukuwa mgongoni mwao. Kariakoo ni jina la soko, na liendelee kuwa la soko. Ni jina la kata, la bei, la mchezo na la mgomo, na hapana ubaya. Jina zuri hutumika. Lakini mwenyewe anajulikana. Ni jina la mtu aliyebeba, wa jana na wa leo, naye bado anadai.